Sekunde 41 bila pazia: kisa cha VPN iliyokatika mchana wa kazi

Kisa hiki kilitokea Mombasa, Mei 2024. Wenyewe wameniruhusu kukiandika ili wengine wajifunze, na nimeondoa majina ya watu, ya shirika, ya wakala na ya kampuni ya VPN (huduma inayopitisha intaneti yako ndani ya handaki la siri hadi seva ya mbali, ili tovuti ione anwani ya seva hiyo badala ya yako). Saa za matukio nimezisogeza kidogo, lakini mfuatano wake sikuugusa. Mimi niliitwa baada ya mambo kuharibika. Habari za mwanzo nimezipata kwa mtafiti mwenyewe, kwenye daftari la matukio la ruta ya ofisi, na kwenye faili ambalo programu ya VPN huliandika kimya kimya bila kumwambia mtu.

Usuli

Shirika ni dogo, watu saba, ofisi ya ghorofa ya pili. Wanafuatilia mawakala wanaopeleka wafanyakazi wa nyumbani nchi za Ghuba. Nchini Kenya wakala wa aina hii hutakiwa kusajiliwa na National Employment Authority, na orodha ya waliosajiliwa huwekwa hadharani. Wakala wa kisa hiki hakuwemo kwenye orodha, ingawa tovuti yake ilipendeza kuliko za wengi waliomo.

Mtafiti ni mama wa makamo mwenye subira. Hufungua tovuti za mawakala kama mtu anayetafuta kazi, hupiga picha za skrini za kila ahadi (mshahara, siku za mapumziko, nani atakaa na pasipoti), kisha huzihifadhi kwa tarehe. Wakala akibadilisha maneno baadaye, ushahidi upo. Ili asijulikane ni nani anayechungulia, alitumia VPN ya kulipia yenye seva Amsterdam.

Alikuwa pia na binti mmoja wa pwani aliyekuwa akimsaidia. Binti huyu alikuwa ameomba kazi kwa wakala huyo na kulipa amana ya shilingi 15,000, kisha akaingiwa na wasiwasi alipoambiwa alete pasipoti iachwe ofisini. Alimpa mtafiti kiungo cha ukurasa wa ombi lake. Kiungo hicho hakikudai nywila, ukiwa nacho tu umeingia. Mwishoni mwake palikuwa na mlolongo wa herufi na tarakimu uliokuwa wa ombi lake yeye peke yake.

Sasa tuje kwenye laini ya intaneti ya ofisi, ambayo hakuna aliyeifikiria. Ofisi ililipia anwani ya IP ya kudumu, yaani namba isiyobadilika inayoitambulisha laini yao kwenye intaneti. Miaka ya nyuma walikuwa na seva yao ya barua pepe, imekaa kabatini karibu na jiko. Seva nyingi za barua duniani hukataa barua inayotoka kwenye anwani isiyo na jina, kwa hiyo fundi wa wakati huo aliomba kampuni ya intaneti ibandike jina la shirika kwenye anwani ile, katika rekodi ya kinyume ya DNS (daftari la majina la intaneti), ile inayotoka kwenye namba kwenda kwenye jina. Baadaye seva ilikufa, barua zikahamishiwa kwingine, na kabati likawa la majani ya chai na sukari. Jina lilibaki palepale. Mtu yeyote aliyeiona anwani ile angeuliza kwa amri moja tu na kujibiwa jina kamili la shirika.

Na ile wiki yenyewe. Jumapili ya tarehe 12 Mei nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Afrika Mashariki nzima ilianza kuchechemea. Kurasa zilifunguka nusu, simu za video ziligandisha watu midomo wazi. VPN inayopeleka kila kitu Uholanzi na kukirudisha ilikuwa inakatika mara kadhaa kwa saa.

VPN hiyo ilikuwa na swichi ya kukata, yaani kile kipengele kinachozima intaneti yote pale handaki la VPN linapobomoka. Niliiwasha mimi mwenyewe mwaka uliotangulia, nilipowapa mafunzo. Jumanne ya wiki ile kulikuwa na mkutano wa video na wafadhili. Kila VPN ilipokatika, swichi ilifanya kazi yake na mtafiti akatoweka kwenye skrini za wafadhili. Mara ya nne kijana wa ofisi, yule ambaye kila ofisi huwa naye, anayejua kompyuta kuliko wengine, akamwinamia begani: "Naizima kwa muda tu, mama. Mkutano ukiisha utaiwasha."

Mkutano uliisha, na swichi haikuwashwa.

Alhamisi mchana

Saa nane na dakika tano mtafiti alifungua kiungo cha binti. Kona ya chini ya ukurasa kikajitokeza kisanduku cha mazungumzo: "Karibu, mgeni kutoka Amsterdam!" Alizoea salamu hiyo, hata ilimchekesha. Akaanza kupiga picha za skrini.

Saa nane na robo simu iliita, akatoka kwenda kuongea kwenye veranda. Ukurasa aliuacha wazi.

Faili la VPN linasema hivi. Dakika moja hivi baada ya yeye kutoka, seva ya Amsterdam iliacha kujibu. Programu ilisubiri sekunde 60, ndivyo ilivyopangwa, na katika sekunde hizo hakuna kilichovuja, kwa sababu handaki lilikuwa bado limesimama na data zilikuwa zikiingia ndani yake na kupotea. Kuvuja kulianza programu ilipochoka kungoja. Ililifunga handaki la zamani ili ifungue jipya. Kati ya kufunga na kufungua zilipita sekunde 41. Alama ya VPN kwenye kona ya skrini iligeuka kutoka kijani kuwa manjano, ikarudi kijani, na chumbani hapakuwa na mtu.

Kisanduku kile cha mazungumzo hakilali hata kama huandiki neno. Kila sekunde chache huipigia seva yake hodi, kuuliza kama kuna ujumbe mpya na kutoa taarifa kwamba mgeni bado yupo. Handaki lilipofungwa, hodi iliyofuata ilitoka moja kwa moja kwenye laini ya ofisi, na ilibeba kuki (alama ndogo ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari ili ikutambue) ileile iliyotoka Amsterdam dakika chache kabla. Kwa mfanyakazi wa wakala aliyekaa mbele ya skrini yake, mgeni alikuwa yuleyule ila mahali pake palikuwa pamebadilika ghafla. Programu za mazungumzo za aina hii humwonyesha mhudumu anwani ya IP ya kila mgeni na, ikipatikana, jina la mwenye anwani.

Mtafiti aliporudi alikuta ujumbe:

"Kumbe Amsterdam ni hapa hapa Mombasa? Haya, wasalimie wenzio wa" — na jina la shirika limeandikwa kamili, bila kukosea hata herufi.

Saa ya kwanza

Kabla ya kumwita mtu, mtafiti alichukua simu yake na kuipiga picha skrini yote, pamoja na saa iliyokuwa kwenye kona. Hakuna aliyemfundisha hilo. Ni mazoea ya kazi yake. Picha hiyo ndiyo iliyotupa kipimo cha kulinganishia saa nyingine zote.

Kijana aliingia, akasoma, akapiga kelele "Funga, mama, funga!", na laptopu ikazimwa kwa kubonyezwa kitufe mpaka ikafa. Namwelewa. Lakini wakati huo VPN ilikuwa imeshajiunganisha tena, hakuna kilichokuwa kinavuja, na kuizima kulifuta orodha ya miunganisho iliyokuwa hai. Ilinigharimu nusu siku kujua ni kurasa zipi nyingine zilizopiga hodi katika zile sekunde 41. Bahati nzuri faili la VPN liko kwenye diski.

Mkuu wa shirika alitaka kujibu. Aliandika hata rasimu: kwamba huenda kuna kosa, kwamba anwani hiyo hutumiwa na watu wengi. Mtafiti alikataa, na hoja yake ilikuwa nyepesi: "Tukijibu, tumekiri kwamba aliyekuwepo ni sisi. Sasa hivi ana anwani. Akipata jibu, ana mtu." Hawakujibu.

Kisha akasema jambo ambalo wote walikuwa wamelisahau kwa hofu ya jina la shirika: ukurasa uliofunguliwa ulikuwa wa binti. Wakala hakupata habari kwamba shirika linamchungulia tu. Alipata habari kwamba shirika linamchungulia kupitia ombi namba fulani, na namba hiyo ina jina, picha na namba ya simu ya mtu.

Hapo kila kitu kingine kiliwekwa pembeni. Mtafiti na binti walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba likitokea la dharura, simu ipigwe kwa shangazi wa binti, kwa kuwa namba ya binti wakala anayo. Shangazi alipigiwa saa nane na dakika hamsini. Aliambiwa mambo matatu: kimetokea nini, kwamba binti halazimiki kumweleza wakala lolote, na kwamba asiende ofisini kwao peke yake wala asipeleke pasipoti.

Wakala alimpigia binti saa kumi na nusu jioni. Sauti ilikuwa ya upole. Njoo kesho asubuhi, njoo peke yako, na usisahau pasipoti, safari imekaribia. Binti alisema atafikiria, na hakwenda.

Jioni hiyo wakili aliulizwa kama tukio lilipaswa kuripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Aliona kwamba data za binti zilikuwa tayari mikononi mwa wakala kwa hiari yake, na kilichovuja ni uhusiano wake na shirika. Akawashauri waandike kila kitu usiku uleule, kila mtu kwa mkono wake, kabla hawajaanza kusimuliana na kusahihishana. Hizo karatasi saba ndizo msingi wa uchambuzi huu.

Nilipofika

Nilifika Ijumaa asubuhi nikamkuta kijana ana jibu tayari. Siku kumi na moja kabla, tarehe 6 Mei, watafiti wa Leviathan Security walikuwa wametangaza udhaifu walioupa jina TunnelVision. Mtu anayemiliki seva ya DHCP (ile inayozigawia kompyuta anwani na njia zinapojiunga na mtandao) kwenye mtandao mnaoutumia pamoja anaweza, kwa kutumia kipengele namba 121 cha DHCP, kuitolea kompyuta yako njia nyingine nje ya handaki, huku VPN ikiendelea kusema imeunganishwa. Kijana alikuwa ameisoma habari hiyo na alikuwa na yakini kwamba wakala ametuma mdukuzi aliyekaa duka la chini, kwenye Wi-Fi yetu.

Nilipoteza saa nzima kuifuata njia hiyo, kwa sababu nami nilikuwa nimeisoma na ilinivutia. Ruta ilikuwa safi. Ndipo nikafungua faili la VPN na kuona neno la kukatika, neno la kuunganishwa, na sekunde 41 katikati. Chanzo kilikuwa cha kuchosha, kama vyanzo vingi.

Kurasa sita zilikuwa wazi mchana ule. Mbili ndizo zilizotuma kitu: ukurasa wa wakala, na kundi la mtandao wa kijamii ambamo mtafiti alikuwa na akaunti ya jina la kuigiza. Akaunti hiyo tuliiacha siku hiyo hiyo, ingawa hakuna dalili kwamba msimamizi wa kundi aliweza kuona chochote. Tulihesabu kwamba kuijenga nyingine ni kazi ya miezi miwili, na kuendelea na ile ni kulala macho wazi.

Uchambuzi

Watu wengi huichukulia VPN kama ukuta, wakadhani ikianguka njia imezibika. Ukweli ni kinyume chake. VPN ni njia iliyowekwa juu ya njia nyingine. Ikiondoka, jedwali la njia ndani ya kompyuta linarudi kwenye njia iliyokuwepo, na kila programu inaendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Kompyuta haijakosea hapo, maana kazi iliyotengenezewa ni kukuunganisha kwa njia yoyote iliyopo. Feri ya Likoni ikiharibika, abiria hubaki ng'ambo wakilalamika. Pakiti ya data hailalamiki, hujitosa ikaogelea, na inafika imelowa kila mtu akiiona.

Kwa sababu hiyo, unapochagua VPN swali la kuuliza ni: ikianguka, inaangukia upande gani, wa kufungua au wa kufunga? Swichi ya kukata ndiyo inayougeuza mwanguko uwe wa kufunga. Na shirika hili lilikuwa nayo.

Hapa ndipo penye fundisho langu mwenyewe, na nimeliwaza kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa. Swichi haikuzimwa kwa uvivu. Ilizimwa kwa sababu mtandao ulikuwa mbaya. VPN nayo ilikatika kwa sababu mtandao ulikuwa mbaya. Sababu ni moja. Ukiwa na mtandao mzuri swichi haikusumbui na wala huihitaji. Mtandao ukiharibika, unaihitaji na inakusumbua kwa pamoja. Kinga iliyotengenezwa hivi itazimwa na binadamu siku ileile inapotakiwa, na kumlaumu binadamu huyo ni kujisahaulisha kwamba mwenye kuipanga kazi alilipita tatizo bila kuliona. Mwaka uliotangulia niliwawashia swichi nikaondoka. Sikuuliza hata mara moja: mkutano wa wafadhili mtaufanyia wapi?

Kosa la pili lilikuwa jina kwenye anwani. Kama sekunde 41 zile zingetoka kwenye laini ya kawaida ya nyumbani au bando la simu, mhudumu wa wakala angeona jina la kampuni ya intaneti na neno Mombasa, basi. Angetilia shaka, lakini asingejua. Kilichomjulisha ni kumbukumbu ya seva ya barua iliyokufa miaka mingi. Mashirika mengi hukagua programu zao na kusahau yale yaliyoandikwa juu yao nje, kwenye rekodi za DNS na za usajili wa anwani, ambako kila mtu anaweza kusoma.

Kosa la tatu, kiungo cha binti, VPN isingelifunika hata kama ingesimama imara. Ukurasa wa ombi lake ukifunguliwa kutoka Amsterdam wakati yeye yuko pwani ya Kenya, hilo peke yake ni alama. Wakala hakuiangalia, au hakujali. Sikupenda kulisema mbele ya mtafiti, lakini nililisema: kiungo kile kilikuwa kinamweka binti hatarini tangu siku ya kwanza, na sekunde 41 zililionyesha tu.

Yaliyofaa ni machache na yote ni ya watu. Namba ya shangazi. Kutojibu. Picha ya skrini kabla ya kukimbia. Shangazi alipata habari saa moja na dakika arobaini kabla ya wakala kupiga simu, na muda huo haukutoka kwenye programu yoyote.

Nisieleweke kwamba hili ni la mashirika madogo yasiyo na wataalamu. Machi 2018 gazeti la mtandaoni Daily Beast liliripoti kwamba Guccifer 2.0, jina lililotumika kusambaza nyaraka zilizoibwa kwa chama cha Democratic cha Marekani mwaka 2016, liligundulika kuwa na uhusiano na ujasusi wa kijeshi wa Urusi baada ya mwendeshaji wake kusahau mara moja tu kuwasha VPN kabla ya kuingia kwenye mtandao wa kijamii. Anwani ya Moscow ikabaki kwenye kumbukumbu za kampuni.

Tulivyoijaribu upya

Jumamosi tuliiwasha swichi na kuanza kuivunja kwa makusudi, mtafiti akiandika matokeo. Tulichomoa waya wa ruta, swichi ikashika. Tukahama kutoka Wi-Fi ya ofisi kwenda hotspoti ya simu, ikashika. Tukailaza laptopu na kuiamsha, ikashika pia. Kisha nikaiua programu yenyewe ya VPN kwa nguvu, kama inavyoweza kufa kompyuta ikiishiwa kumbukumbu, na intaneti ikaendelea kama kawaida. Na kompyuta ilipowashwa upya, kulikuwa na sekunde kadhaa kabla VPN haijaamka ambazo barua pepe na programu ya kuhifadhi mafaili zilikuwa zimeshatoka nje.

Maana yake swichi ile iliishi ndani ya programu. Programu ikifa, inakufa nayo. Si swichi zote ziko hivyo. Nyingine huweka amri ndani ya mfumo wenyewe na hubaki hata programu ikifungwa. Huwezi kujua iliyo yako ni ipi kwa kusoma matangazo. Iue uone.

Kwenye simu mambo yana sura yake. Android tangu toleo la 7 inaweza kulazimishwa kuwa na VPN muda wote, na tangu toleo la 8 kuna chaguo la kuzuia kila muunganisho usiopita humo, na vyote viko kwenye mipangilio ya mfumo, nje ya programu ya VPN. Niliviwasha. Lakini Oktoba 2022 Mullvad, kampuni ya VPN ya Sweden, ilieleza kwamba hata chaguo hilo likiwa limewashwa, Android hutoa nje ya handaki maulizo yake madogo ya kupima kama kuna intaneti. Kwenye iPhone, Proton ilieleza Machi 2020 kwamba miunganisho iliyokuwa wazi kabla ya VPN kuwashwa inaweza kuendelea nje yake. Kwa kazi ya huyu mtafiti hayo hayakuwa tishio kubwa, kwa kuwa maulizo ya Android hayaendi kwa wakala.

Tulichobadilisha

Kubwa kuliko yote ni kutenganisha mashine. Laptopu kuukuu iliyokuwa imelala stoo iliwekewa Linux na kupewa kazi moja, ya uchunguzi. Ngome yake, ile sehemu ya mfumo inayoruhusu au kukataa kila muunganisho, imeamriwa kukataa kila kinachotoka isipokuwa kinachoelekea kwenye anwani ya seva ya VPN na kinachopita ndani ya handaki. VPN ikianguka, ikiuawa, au isipoamka, amri inabaki, na mashine haina pa kwenda. IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, tuliizima kabisa humo, kwa kuwa VPN yao haikuipitisha na isingefaa mlango mmoja ufungwe na wa pembeni uachwe. Mikutano ya wafadhili inafanyika kwenye laptopu nyingine, bila VPN, bila swichi, bila mtu kusumbuka. Hakuna tena anayepata sababu ya kuzima kitu.

Laini nayo ilibadilika. Uchunguzi sasa unatoka kwenye modemu yenye bando la simu, mbali na anwani ya ofisi. Kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya IPv4 (mfumo wa zamani wa anwani), kwa hiyo hata siku pazia likianguka tena, kinachoonekana ni mteja mmoja kati ya umati. Hili halimfichi mtu kwa serikali wala kwa kampuni ya simu, maana laini imesajiliwa kwa kitambulisho. Linamficha kwa wakala, na wakala ndiye tunayemkimbia. Nililazimika kulirudia hili mara tatu, kwa sababu mkuu wa shirika alitaka kinga dhidi ya kila mtu, na kinga dhidi ya kila mtu huishia kuwa kazi isiyofanyika.

Kampuni ya intaneti iliombwa kuondoa jina la shirika kwenye anwani. Ilichukua siku tisa na barua yenye muhuri.

Tulifikiria Tor Browser, kivinjari kinachopitisha kila kitu kwenye mtandao wa kuficha utambulisho uitwao Tor, ambacho kwa jambo hili kina tabia njema kwa asili. Ikipoteza mtandao wa Tor, kivinjari hicho hakijaribu kutoka kwa njia ya kawaida, kinakataa tu. Tovuti ya wakala ilikuwa inawazuia wanaotokea Tor, kwa hiyo kwake haikufaa. Kwa tovuti zinazoiruhusu, mtafiti sasa anaanza nayo. Kwenye kivinjari cha kawaida aliwekewa uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo na vipande vya kurasa, iliyoamriwa kuzuia visanduku vya mazungumzo vyote.

Na viungo vya watu binafsi havifunguliwi tena ofisini. Mwenye kiungo anapiga picha za skrini mwenyewe, kwa simu yake, na kuzituma.

Kwa msomaji wa Tanzania anayetaka kuiga: TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka wanaotumia VPN kutoa taarifa zao kabla ya tarehe 30 mwezi huo, likitaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020. Ongea na wakili wako kabla ya fundi wako.

Mpaka sasa

Wakala alibadilisha jina la biashara na tovuti ndani ya miezi michache. Picha alizopiga mtafiti kabla ya Alhamisi ile zipo, zenye tarehe, na zimeambatishwa kwenye malalamiko yaliyopelekwa kwa mamlaka. Binti hakusafiri kupitia kwao. Alipigiwa simu mara mbili zaidi, mara ya pili bila upole, kisha wakanyamaza. Pasipoti yake anayo. Shilingi zake 15,000 hajarudishiwa.

Kijana wa ofisi ndiye anayeipima ile mashine kila Jumatatu asubuhi. Anaiua VPN, anajaribu kufungua ukurasa, na ukigoma anaandika saa na sahihi kwenye daftari lililotundikwa kwa kamba mlangoni mwa kabati la chai.